Themostati ya Lodwar Haikuwa na Kosa

Mliokuwepo Lodwar siku ile Land Cruiser nyeupe ilipoegeshwa chini ya mti, boneti wazi, mlimwona fundi akifungua boliti mbili za nyumba ya themostati. Akaichomoa, akaitupa mchangani, akafunga kifuniko juu ya tundu tupu. Dereva akalipa, abiria wakapanda, gari likashika njia ya Lokichoggio. Hata Kakuma halikufika. Gasketi ya hedi iliungua njiani, lakini chanzo chake ni spana ile ya Lodwar. Najua watakaosema ni jua la Turkana. Jua hilo limeiwakia injini ya 1HZ tangu ilipoingia sokoni 1990, silinda 6, lita 4.2, bila tabo, na injini imelivumilia.

Tuitazame themostati yenyewe, maana mafundi wengi wanaichukulia kuwa kizibo tu. Ya injini hii ina sahani mbili kwenye shina moja. Maji yakikaribia digrii 80, nta iliyo ndani yake huvimba na kulisukuma shina. Sahani kubwa inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na kwa mwendo huohuo sahani ndogo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta. Kazi hizo mbili zinakwenda pamoja. Ukiichomoa, njia zote mbili zinabaki wazi mchana kutwa. Maji hayana adabu ya kuchagua njia ndefu. Yanafuata penye upinzani mdogo, na mkato ule ni mfupi na mpana kuliko vijibomba vyembamba vya rejeta. Sehemu kubwa ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini ikirudi ilikotoka, huku rejeta ikipata masazo. Fundi aliamini ameondoa kizuizi. Alichokiondoa ni kile kilichokuwa kikiyalazimisha maji yaende kupozwa.

Na hakuipima! Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Kipimo chake ni sufuria ya maji, jiko la makaa na uzi wa kuiningʼiniza themostati isiguse chini. Maji yanapata moto, unaitazama. Ikifunguka, haina kosa, irudishe. Isipofunguka, nunua nyingine. Jiko la chai lilikuwa hatua chache kutoka pale alipokuwa amepiga magoti.

Angepima, angejua kosa liko mbele kidogo, kwenye feni. Klachi ya feni ya gari lile ilikuwa imevuja mafuta yake ya silikoni. Utepe wa vumbi lililoganda ulionekana wazi usoni mwake. Injini ikiwa moto na imezimwa, feni nzima inagoma kidogo ukiizungusha kwa mkono. Ile iliteleza bure. Maana yake pampu ya maji inazunguka, feni inazembea, na rejeta inategemea upepo wa mwendo peke yake.

Hapo ndipo jiografia inapoingia, na wanaoendesha njia hii wananielewa. Upepo wa Turkana unavuma kutoka kusini-mashariki kwenda kaskazini-magharibi. Ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme kule Loiyangalani, ngʼambo ya ziwa. Barabara ya kutoka Lodwar kwenda Kakuma na Lokichoggio nayo inaelekea kaskazini-magharibi. Gari lenye mzigo likienda kilomita 40 kwa saa huku upepo wa kasi hiyohiyo ukilisukuma kutoka nyuma, hewa inayopenya kwenye rejeta bila feni ni karibu na hakuna. Gari hilohilo likirudi Lodwar kesho yake, upepo uko usoni, geji inatulia, na dereva anaapa kwamba gari limepona. Wangapi mmedanganywa na safari ya kurudi?



Sasa moshi. Mliuona mweusi ukitoka ekzosi gari lilipoanza kupanda, na wengine mkausifia kuwa ni nguvu. Moshi huo ni kazi ya skrubu ya pampu ya dizeli, ile inayoongeza mafuta; nimeandika juu yake mara nyingi, na nitaendelea. Kwenye petroli, mchanganyiko wenye mafuta machache ndio unaoongeza joto, kwa hiyo fundi aliyejifunzia petroli anaamini kuongeza mafuta kunapoza. Dizeli ni kinyume chake. Kilo moja ya dizeli inahitaji kilo kama 14.5 za hewa ili iungue yote, na hata hiyo haitoshi kwa vitendo, kwa sababu mafuta yanaingia mwishoni kabisa na hayana muda wa kuchanganyika na kila pembe ya hewa. Ndiyo maana 1HZ ina kichumba pembeni ambamo hewa huzungushwa kwa kasi kabla nozo haijapuliza. Kichumba hicho kinachanganya vizuri, lakini kuta zake zinamwaga joto jingi kwenye maji. Ukiongeza skrubu, hewa haiongezeki. Mafuta ya ziada yanakuwa masizi, na kila tone linaloungua linaongeza joto ambalo rejeta lazima iliondoe. Gari lile lilikuwa limekazwa skrubu na feni yake imekufa, kisha likanyangʼanywa themostati.

Sitaki kuambiwa hatukuwa na walimu. Lokichoggio ilikuwa kituo cha Operesheni Lifeline Sudan kuanzia 1989, na gereji za pale zilitunza magari yaliyotumwa mahali pasipo na spea. Mafundi wa enzi zile walipuliza rejeta kwa hewa kutoka upande wa injini kwenda mbele, mbegu na vumbi vikatoka vilikoingilia. Walitia kulanti, hawakutia maji ya chumvi ya kisima yanayoacha magamba ndani ya hedi. Walijua kwamba mfuniko mzima wa rejeta unaoshikilia baa 0.9 unachelewesha maji kuchemka hadi karibu digrii 118, basi mfuniko uliochoka waliubadilisha kwanza. Tukirudi nyuma zaidi, Joginder Singh alikuwa fundi kabla ya kuitwa Simba wa Kenya, na mwaka 1965 alishinda mbio za magari za Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na wengine. Gari la mkono wa pili lilivuka matope na vumbi la Afrika Mashariki kwa sababu mwenyewe aliijua injini yake. Peugeot 404, iliyoshinda 1963, 1966, 1967 na 1968, ilitoka kiwandani na feni inayojiachia na kujishika kulingana na joto. Wahenga hao waliheshimu feni.

Kwa hiyo nawaomba mafundi wa Lodwar, Kakuma na Loki: gari likichemsha, anzeni na feni, kisha uso wa rejeta, kisha mfuniko, kisha skrubu ya pampu irudi ilikowekwa na kiwanda. Themostati iwe ya mwisho, na iende kwenye sufuria kabla ya kuhukumiwa. Nawe mwenye gari, fundi akikuambia anaitoa na hatarudisha nyingine, chukua ufunguo wako uondoke.