Bafu la Waridi na Jicho la Fundi Rangi

Mtu akinunua nyumba ya zamani kwenye maghorofa ya Upanga, Dar es Salaam, akafungua mlango wa bafuni na kukuta choo, sinki na hodhi la kuogea vyote vya rangi ya waridi, neno lake la kwanza huwa ni "ng'oa". Mwenye seti ya kijani cha parachichi naye husema hivyo hivyo, na mwenye ya bluu pia. Wengi hung'oa kweli, na vyombo vizima, visivyo na ufa wala mkwaruzo, huishia kwenye lundo la kifusi barazani. Mimi niko upande wa fundi rangi anayesema: subirini kwanza, tuvitazame. Kuchagua rangi za kuzunguka chombo kisichobadilika ni kazi ngumu kuliko kupamba bafu jipya. Bafu jipya halina mwenyewe. La zamani lina mwenyewe, na mwenyewe ni lile sinki.

Rangi zenyewe zina heshima yake, na asiyeijua historia yake huzidharau bure. Mwanzoni mwa karne iliyopita vyombo vya bafuni vilikuwa vyeupe karibu kila mahali, maana weupe ndio uliochukuliwa kuwa ushahidi wa usafi. Mwaka 1927 kampuni ya Kohler, ya jimbo la Wisconsin nchini Marekani, ikatoa seti za rangi sita, miongoni mwake urujuani, kijani cha majani machanga, bluu ya anga na rangi ya pembe ya ndovu. Washindani wake wakafuata upesi. Hapo kupata rangi haikuwa shida kubwa. Shida ilikuwa kuzilinganisha. Choo na sinki ni udongo: kaolini, feldspa na kwatzi, vinavyochomwa kwenye tanuri la nyuzijoto 1,200 hivi. Hodhi la siku zile lilikuwa chuma cha kalibu kilichovikwa enameli, na enameli huiva kwenye joto la chini zaidi ya hapo. Miili miwili tofauti, mioto miwili tofauti, na madini yale yale ya kutia rangi hayatoki sawa katika mioto hiyo. Ili vyombo vitatu vikae chumba kimoja vikiwa na waridi moja, ilibidi watu wakae na vipande vya majaribio, waongeze na kupunguza, wachome tena, mpaka jicho lisitofautishe udongo na chuma.

Waridi la wafinyanzi lilitokana na oksidi ya bati iliyotiwa kromi kidogo sana, siri waliyoijua mafundi wa Staffordshire, Uingereza, tangu zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ikapatikana njia ya kuifunga vanadi ndani ya fuwele za zirkoni, ikatoka bluu imara isiyoungua tanurini, na baadaye njano na pinki za jamii hiyo hiyo. Waridi likapanda chati miaka ya 1950, Mamie Eisenhower, mke wa rais wa Marekani, akiwa mpenzi wake mkubwa anayejulikana. Kijani cha parachichi kikatawala mwishoni mwa miaka ya 1960 na muongo wote uliofuata, Marekani na Uingereza. Huku kwetu ukiinama chini ya sinki la zamani huenda ukakuta muhuri wa kiwanda cha Uingereza, Twyfords au Armitage.

Nimeyataja haya kwa sababu moja. Rangi hiyo haikupakwa juu, imo ndani ya kioo kilichochomwa. Jua haliipaushi, sabuni haiitoi. Ukuta utapakwa tena, pazia litachakaa, taulo litageuka dekio, lakini waridi la sinki litabaki vile vile lilivyotoka tanurini. Kwa hiyo hesabu zote huanzia hapo.

Fundi mmoja niliyepata kumtazama kazini Upanga hakuanza na kadi za rangi. Alianza na siki na kitambaa. Maji ya visima ya Dar es Salaam yana chumvi, nayo huacha utando mweupe mdomoni mwa bomba na ukungu wa manjano chini ya mstari wa maji. Alisugua mpaka sinki likaonekana lenyewe. Alieleza kuwa watu wengi huchagua rangi ya kupatana na uchafu bila kujua: wanaona waridi limechoka, wanalitafutia mwenzake aliyechoka, kisha siku likisuguliwa wanashangaa chumba kizima kimechacha.

Baada ya hapo akazima taa, akafungua vioo vya luva, akachukua karatasi nyeupe ya kawaida na kuiegemeza kwenye ukingo wa sinki. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu sana. Pinki iliyo peke yake ni pinki tu. Pinki iliyo kando ya weupe hutoa siri yake. Lile la Upanga lilionekana kuegemea kwenye njano, kuelekea pichi na nyama ya samaki samoni. Lingeweza kuegemea upande wa pili, kwenye bluu, kama ubuyu uliokolezwa rangi. Tofauti hiyo ni ndogo kwa jicho la mpita njia, lakini ndiyo inayoamua kila kitu. Waridi lenye njano ndani yake linataka majirani wenye joto: rangi ya maziwa, mchanga, kahawia ya mbao. Waridi lenye bluu hustahimili kijivu na hata samawati iliyofifia. Ukikosea hapo, hakuna pesa utakayomwaga kwenye vigae itakayokuokoa.

Mama mwenye nyumba alikuwa ameshachagua kijivu. Kijivu kipo katika kila picha ya bafu za kisasa, na yeye alikitaka safi, kisicho na rangi nyingine ndani yake. Fundi hakubishana naye. Alipaka ubao kwa kijivu hicho, akauacha ukauke, akausimamisha nyuma ya sinki.

"Fundi, mbona kimekuwa kijani?"

"Hakijawa kijani, mama. Ni hii pinki inakisukuma."

Alikuwa sahihi kabisa, na jambo hilo lina historia ndefu kuliko vyoo vya rangi. Mwaka 1824 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alipewa kusimamia idara ya kutia rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kinachofuma mazulia ya kutundika ukutani. Wafumaji walilalamika kwamba nyuzi nyeusi ni dhaifu, hasa zikitiwa kwenye vivuli vya nguo za bluu na zambarau. Chevreul akazilinganisha na nyuzi nyeusi za kwingine, asione kasoro. Rangi ilikuwa njema, majirani ndio walioiharibu. Aliyoyagundua akayatoa kitabuni mwaka 1839: rangi mbili zikikaa bega kwa bega, kila moja humsukuma mwenzake kuelekea rangi iliyo kinyume chake. Kinyume cha pinki ni kijani. Kijivu kisicho na upande, kikikaa karibu na waridi, jicho hukipa ukijani ambao haumo kwenye kopo.

Fundi wa Upanga hakuhitaji kitabu hicho. Alifungua kichupa cha rangi ya kukolezea, nyekundu ya udongo, akadondosha matone machache kwenye kopo la kijivu, akakoroga kwa kijiti polepole, akapaka ubao mwingine. Kwenye kopo kile kitu kilionekana kahawia hafifu, karibu na chai ya maziwa iliyozidi maziwa. Nyuma ya sinki kikawa kijivu, na sinki likatulia. Mama akapata kijivu chake. Kumpa mtu rangi aliyoitaka kwa kumpakia rangi nyingine ni kipaji, na sijui kama kuna jina la kukitosha.

Nyeupe nayo ilihitaji uangalifu ule ule. Watu huiona nyeupe kuwa kimbilio salama. Nyeupe kali yenye ubaridi wa bluu, ikiwekwa kando ya chombo cha zamani chenye joto, hukifanya chombo kionekane kimepata madoa ya umri. Nyeupe iliyotiwa njano kidogo, ile ya maziwa mabichi, hufanya kinyume: inakubali kuwa haing'ai sana, na waridi linapata nafasi ya kuonekana safi. Kwenye kijani cha parachichi jambo hili huonekana wazi zaidi. Kijani hicho kina njano na kahawia tumboni mwake. Ukikiwekea kijani kibichi cha jani la mgomba, kinaonekana kigonjwa. Ukikiwekea nyeupe ya barafu, kinaonekana kichafu. Kinachokifaa ni rangi za ardhini, yaani ufinyanzi, njano ya haradali iliyotulia, nyeusi kidogo, na mbao. Rafu ya mninga juu ya choo cha parachichi ni moja ya ndoa nzuri nilizowahi kuona bafuni. Bluu ya anga haina taabu yoyote, mpe nyeupe na mchanga, ataishi.

Ubao ule wa majaribio nao una mengi. Fundi mvivu hupaka kiraka ukutani, na rangi ya zamani inayokizunguka kiraka humdanganya. Huyu alipaka ubao mkubwa, mikono miwili ya rangi, maana rangi ya maji ikiwa mbichi kwa kawaida ni nyepesi kuliko itakavyokuwa ikikauka. Aliusimamisha wima, kwa kuwa ukuta ni wima na mwanga huugusa kwa pembe yake. Akautazama asubuhi, akautazama mchana jua likiwa juu ya bati la jirani na kurudisha mwanga kupitia luva, akautazama usiku. Usiku ndipo mengi huharibika. Balbu nyingi za LED zinazouzwa mitaani ni za kelvini 6,500, mwanga mweupe wenye ubluu, na chini yake waridi lenye njano hupoteza uhai. Alimwambia mama abadilishe taa kwanza, achukue ya kelvini 3,000 au chini ya hapo, ndipo waamue rangi. Wenye nyumba wengi hufanya kinyume: rangi kwanza, taa mwisho, na ile waliyoipenda dukani wanaikosa nyumbani.

Vigae vya ukutani vilikuwa vya zamani pia, vidogo, vya mraba, rangi ya krimu. Vichache vilikuwa vimevunjika karibu na bomba, na dukani hakukuwa na vya kufanana navyo. Hapa kuna kanuni ambayo ningependa kila fundi wa nchi hii aijue. Kitu kinachokaribia kufanana ni kibaya kuliko kitu kilicho tofauti waziwazi. Krimu iliyopishana kidogo na krimu huonekana kosa hata kwa mtoto. Fundi akatoa vigae vizima vya safu nzima, akavitumia kuziba mapengo ya kwingine, na ile safu akaijaza vigae vyeusi vyembamba, mstari mmoja unaozunguka chumba usawa wa kiuno. Mabafu mengi ya Marekani ya miaka ya 1930 yalitumia njia hiyo hiyo, waridi na mstari mweusi, kijani na mstari mweusi. Weusi kidogo huipa rangi laini ukingo wa kushikia. Weusi ukizidi, chumba kinakuwa kaburi. Grauti ya kati ya vigae vya krimu aliichagua ya rangi ya mchanga badala ya nyeupe, ili mistari isipige kelele.

Na choo? Tangi lake lilikuwa na ufa unaovuja, halikuwa la kuponywa. Waridi la umri ule halipatikani tena kirahisi, na waridi jipya la karibukaribu lingevunja kanuni niliyoitaja. Akashauri choo cheupe. Lakini choo cheupe peke yake, katikati ya waridi, hukaa kama mgeni asiyemjua mtu harusini. Kwa hiyo akaurudia ule weupe mahali pengine: kizingiti cha dirisha, fremu ya kioo, mpini wa mlango. Jicho likikutana na weupe mara ya pili na ya tatu haliulizi tena kwa nini choo hakikufanana na sinki.

Dari ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Mama aliitaka nyeupe tupu, kama dari za nyumba nyingine. Fundi akapanda ngazi, akashika ubao mweupe juu ya hodhi, akamwomba atazame. Mwanga wa dirishani uligonga hodhi na kupanda ukiwa na upinki, na ubao ule mweupe ukawa na doa la waridi katikati. Akashika wa pili, wenye rangi ya ukutani iliyopunguzwa nguvu kwa nyeupe, nusu kwa nusu. Upinki ulipanda vile vile, ila kwenye rangi yenye joto ukapotea. Mama akasema basi, apake hiyo. Akapaka, isiyong'aa, ya aina inayozuia kuvu, kwa sababu bafu la Dar es Salaam halikauki sawasawa mwezi wa Aprili.