Lugha ya Kisu: Hati za Upasuaji za Uingereza Zikisomwa Kutoka Dilala

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuziacha hati za tiba nje ya mlango. Utenzi huingia, wasifu huingia, hata barua za kale huingia. Maandishi ya tiba huachiwa wanahistoria na wanaanthropolojia. Makala haya yanapinga mazoea hayo. Yanachunguza hati mbili za wapasuaji wa Uingereza ya zama za kati, na kuuliza zina nini cha kumfaa msomaji wa Dilala, komine ya Kolwezi, ambako monganga huandika kwa Kifaransa maradhi aliyosimuliwa kwa Kiswahili.

Hali hiyo ya lugha mbili si ngeni. John Arderne, aliyezaliwa mwaka 1307 na kufanya kazi Newark kabla ya kuhamia London, aliandika kwa Kilatini. Risala yake kuhusu nasuri ni ya mwaka 1376, na ilifasiriwa kwa Kiingereza katika karne ya 15. (Neno letu nasuri lenyewe limetoka Kiarabu, lugha ya az-Zahrawi, ambaye kitabu chake cha upasuaji kilifasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12.) Wafasiri wa tiba wa wakati huo hawakuona haya kuliacha neno la Kilatini mahali pake na kuliwekea la Kiingereza ubavuni. Chombo kimojawapo cha Arderne, cha kupimia njia ya jeraha, kina jina la Kilatini lenye maana ya "Nifuate". Jina hilo ni maelekezo kamili: chombo hutangulia, kisu hufuata. Arderne huchora vyombo vyake, humtaka mpasuaji awe na mikono safi na maneno machache, kisha hutaja bila kusita malipo ya kudai kwa tajiri, yasiyopungua paundi 40. Majivuno yake yanachosha. Hata hivyo, bila majivuno hayo tusingeisikia sauti ya mtu.

John Bradmore, aliyefariki mwaka 1412, ni msimulizi bora zaidi. Katika vita vya Shrewsbury, tarehe 21 Julai 1403, mwanamfalme Henry, mwenye umri wa miaka 16, alichomwa na mshale usoni, kando ya pua. Mti wa mshale ulitoka. Kigumba kilibaki mfupani, kina cha inchi 6. Waganga wengine walijaribu dawa za kunywa, wakashindwa. Bradmore akaupanua mdomo wa jeraha polepole kwa vijiti vya kiini laini cha mti, vilivyokaushwa, vikashonewa kitambaa cha kitani na kulowekwa katika asali ya waridi, kila kijiti kikiwa kinene kuliko kilichotangulia. Akabuni koleo ndogo yenye uwazi, na ndani yake parafujo. Koleo iliingia katika tundu la kigumba, parafujo ikazungushwa mpaka ikabana kwa ndani, na kigumba kikavutwa nje kwa kutikiswa kidogo kidogo. Jeraha likaoshwa kwa divai nyeupe, likajazwa tambi zenye asali, ambazo zilifupishwa siku hadi siku ili nyama iote kutoka ndani. Baada ya siku 20 lilikuwa safi.

Tunaona kwamba nguvu ya kisa hiki imo katika mpangilio wa vitenzi. Hakuna sifa za mwanamfalme wala maombolezo. Kuna mkono mmoja unaomweleza mkono mwingine.

Hapo ndipo upungufu wetu unapoonekana. Desturi za Wasuaheli, iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, sehemu kubwa ikiwa kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, inatuonyesha tohara, waganga na pepo kwa nathari ya kupendeza. Lakini inamweleza mgeni kile ambacho Waswahili hufanya. Haimfundishi ngariba afanyeje damu inapokataa kukatika. Ni kazi nzuri ya mtazamaji, na tusiilaumu kwa kutokuwa kitu kingine. Tusidai tu kwamba inaziba pengo hilo.

Je, Kiswahili cha Katanga kinaweza kuliziba? Kina vitenzi vyake. Husema kupasula pale Kiswahili sanifu kinaposema kupasua, na kutosha kwa maana ya kutoa kitu kilipokuwa. Mhariri wa pwani akiona "kutosha jiwe" atadhani ni kosa, atalisahihisha. Kwa mchimbaji wa madini aliyeumia mguu, sahihisho hilo si jambo dogo: karatasi ya kukubali upasuaji anaiwekea sahihi kwa Kifaransa, na Kiswahili sanifu kikiletwa badala yake kitamwachia mafumbo mengine. Mhariri mwenye busara angefanya kama wafasiri wa karne ya 15: aliache kutosha lilipo, na kutoa aliweke ubavuni.