Nguzo za Mkunazini: Uhakiki juu ya Wito, Kazi na Furaha ya Mkristo

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki jengo moja pamoja na hadithi inayosimuliwa juu yake, kwa kuwa tunaamini kwamba vyote viwili vinafichua kasoro iliyomo katika mafundisho yetu juu ya kazi. Jengo hilo ni Kanisa Kuu la Kristo, la ndugu zetu Waanglikana, lililoko Mkunazini katika Mji Mkongwe wa Unguja. Huenda msomaji akauliza kwa nini Walutheri waende kwa jirani kutafuta kasoro zao. Jibu letu ni kwamba hatuendi kulaumu nyumba ya jirani. Tunakwenda kwa sababu hakuna mahali pengine katika nchi yetu ambapo madhabahu, mnyororo na mwiko wa mwashi vimekutana kwa karibu namna hiyo.

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Katika sharika zetu nyingi maneno "kazi ya Mungu" yana maana moja tu, yaani kazi ya kanisa. Mtu husimama mbele ya washarika akashuhudia: "Nilikuwa dereva wa daladala, Bwana akaniita, nikaacha kazi, nikaanza kumtumikia." Nasi huitikia "Amina" bila kujiuliza alikuwa akimtumikia nani siku zile alipowafikisha wajawazito hospitali na watoto shuleni salama. Neno "wito" nalo tumelifungia ndani ya kanzu ya mchungaji. Hili ni jambo la kushangaza kwa kanisa linalojiita kwa jina la Martin Luther, kwa maana ni yeye aliyelitwaa neno la Kijerumani *Beruf*, lililokuwa mali ya watawa na makasisi, akalipa maana ya kazi ya kila siku ya mkulima, ya mshona viatu na ya mama wa nyumbani. Katika maandiko yake juu ya ndoa ya mwaka 1522 anamtaja hata baba anayefua nepi za mtoto wake huku watu wakimcheka. Wanafunzi wetu huyajibu hayo vizuri sana katika mtihani. Wakishapewa usharika, husahau.

Sasa twende Mkunazini. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwezi wa Juni 1873, kwa mkataba ambao Sultani Barghash alibanwa na Waingereza kuutia sahihi. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa mahali pale pale palipokuwa soko, na ibada ya kwanza ilifanyika siku ya Krismasi 1877. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Edward Steere wa misheni ya UMCA, aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1874. Alifariki mwaka 1882 na kuzikwa nyuma ya madhabahu. Inasemekana kwamba madhabahu yenyewe imesimama mahali ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa. Msalaba uliomo kanisani umetengenezwa kwa mti wa Chitambo, ule ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone. Mambo haya wageni wote huelezwa.

Hadithi inayowachekesha wageni zaidi ni ya nguzo. Nyuma ya kanisa zipo nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, miguu juu. Husimuliwa kwamba askofu alikuwa amesafiri, mafundi wakazisimamisha wasivyojua, naye aliporudi akaamua ziachwe vivyo hivyo. Wahubiri wamekwisha kuitumia hadithi hii, nasi tumesikia zaidi ya mara moja mahubiri yanayousifu upole wa askofu: Mungu naye, tunaambiwa, huzipokea kazi zetu zilizopinduka. Ni mfano mzuri wa kuhesabiwa haki kwa neema, nao hutuliza mioyo. Hata hivyo tunaona kwamba una dosari, na dosari hiyo ndiyo kiini cha makala haya.

Hadithi ya nguzo ina watu wa aina mbili: askofu mwenye jina, na mafundi wasio na jina ambao sifa yao pekee ni kukosea. Walikosea nini hasa? Hawakujua desturi ya nguzo za Ulaya, ambazo hawakuwahi kuziona. Fundi wa Unguja alijua jiwe la matumbawe, alijua kuchoma chokaa na kuikanda, alijua boriti za mikoko na urefu unaofaa kuezekea chumba, alijua nakshi za mlango. Mtu akitaka kuupima ustadi wake na ainue macho atazame paa la kanisa lilelile. Halikuezekwa kwa mbao. Ni kuba ndefu ya zege iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa, nao walikuwapo waliodhani kwamba itaanguka. Imesimama kwa zaidi ya karne moja. Tunawaomba wachungaji wanaoupenda mfano wa nguzo wajiulize kwa nini kuba ile, iliyomwagwa na mikono ileile, haikuwahi kuwa mfano wa mahubiri yao. Tunahofu kwamba ni rahisi kwetu kumwona mfanyakazi akisamehewa kuliko kumwona akisifiwa.

Kuna jambo zito zaidi. Soko lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Unguja hadi amri ya mwaka 1897. Maana yake ni kwamba kanisa hili lilijengwa, likafunguliwa na kutumika miaka mingi katika mji uliojaa watumwa. Lugha yetu imehifadhi ushahidi wa hali ya kazi ya siku hizo katika neno tunalolitumia kila siku bila kulifikiri, nalo ni "kibarua". Kibarua ni barua ndogo, cheti alichopewa mchukuzi wa mjini asubuhi, akakirudisha jioni ili apate ujira wake. Wengi wa watu hao katika Unguja ya karne ya 19 walikuwa watumwa waliotumwa na mabwana zao kutafuta kazi ya mshahara, na sehemu ya ujira huo walimpelekea bwana. Basi mtu angeweza kupokea ujira jioni na bado asiwe mtu huru usiku.

Hapa ndipo mafundisho ya Luther juu ya wito yanapojaribiwa kwa moto. Mafundisho hayo yanategemea kwa sehemu kubwa maneno ya Paulo katika 1 Wakorintho 7:20, kwamba kila mmoja akae katika hali aliyokuwa nayo alipoitwa. Mstari huo ukisomwa mbele ya mafundi wa Ulaya ya karne ya 16 unamwinua mshona viatu hadi kiwango cha mtawa. Ukisomwa Mkunazini unaweza kuwa mnyororo. Bwana yeyote wa karafuu angeupenda. Lakini mstari wa 21 unafuata papo hapo, nao unasema na mtumwa juu ya uwezekano wa kupata uhuru. Kweli wafasiri wamebishana sana juu ya maana yake, wengine wakidhani kwamba Paulo anamshauri mtumwa autumie utumwa wake. Sisi tunasimama na wale wanaoona kwamba anamruhusu autwae uhuru, kwa sababu mstari wa 23 unawakataza walionunuliwa kwa thamani kuwa watumwa wa wanadamu. Gustaf Wingren, Msweden aliyeandika juu ya wito kwa Luther mwaka 1942, alikazia kwamba kazi ya Mkristo haielekei mbinguni, inaelekea kwa jirani. Tukilishika hilo tunapata kipimo. Hali ya kazi isiyomtumikia jirani, inayomla jirani, haiwezi kuitwa wito hata ikibarikiwa na askofu kumi, wala hatuna haki ya kumwambia aliyemo ndani yake aifurahie.

Wamisionari wenyewe hawakuuepuka mtego huu. Kiungani ilikuwa shule ya kuwaandaa walimu na makasisi kutoka miongoni mwa vijana waliookolewa majahazini, na wale walioonekana hawafai kwa masomo walielekezwa kwenye ufundi. Huko Mbweni, katika shamba la watu walioachwa huru, wasichana waliofaulu walifanywa walimu, wengine wakafundishwa kushona, kufua, kupika na kulima. Hatuwabezi, watoto wale walipata chakula, usalama na ujuzi. Tunachohakiki ni ngazi iliyojengwa humo: juu altare, chini jembe. Historia ya Kanisa imetunza jina la John Swedi, mmoja wa wavulana watano ambao Sultani aliwatoa kwa Askofu Tozer mwaka 1864, kwa sababu alifanywa shemasi mwaka 1879. Imetunza jina la Cecil Majaliwa kwa sababu alifanywa kasisi mwaka 1890. Walistahili. Lakini ni nani katika wasomaji wetu anayemjua Owen Makanyassa? Huyu aliongoza kazi ya kupiga chapa katika misheni ya Steere, na kwa mikono ya vijana waliopanga herufi za risasi pale Unguja watu wa pwani na bara waliweza kusoma sehemu za Maandiko kwa Kiswahili. Kama hiyo si kazi ya Mungu, hatujui ni ipi.

Nje ya kanisa ipo sanamu iliyochongwa na Clara Sörnäs, msanii wa Sweden, mwaka 1998. Watu watano wamesimama shimoni, shingoni mwao kuna minyororo. Ni kazi yenye nguvu, na nyuso zile humnyamazisha mtalii ambaye dakika tano kabla alikuwa akicheka habari ya nguzo. Ila tumegundua jambo tulipoitazama mara ya pili. Mikono yao haina kitu. Wamefungwa, hawafanyi kazi. Ndani ya kanisa tunaiona kazi bila mfanyakazi, na hapa nje tunamwona mfanyakazi bila kazi. Mtu mzima, mwenye mnyororo shingoni na ustadi mkononi, hayupo popote katika kiwanja chote kile, na ndiye hasa aliyeujenga mji huu.

Mtu huyo tunamkuta kwingine, katika riwaya ya Adam Shafi iitwayo *Kuli*, iliyotoka mwaka 1979, inayohusu wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wa mwaka 1948. Haikuandikwa kwa ajili ya kanisa, na baadhi ya wachungaji watasema kwamba ni riwaya ya siasa. Na iwe hivyo. Tunaipendekeza katika vyuo vyetu kwa sababu inamweka mbele yetu mtu abebaye mzigo na kutulazimisha kuuliza tungemhubiria nini. "Fanya kazi kwa furaha kama kwa Bwana"? Wachukuzi wa 1948 waligoma wakidai ujira unaomtosha mtu kula, na mgomo ukaenea mjini. Tunathubutu kusema kwamba aliyeacha kubeba kwa ajili ya njaa ya mwenzake alikuwa ndani ya wito wake siku ile kuliko siku nyingine yoyote. Na furaha? Furaha ambayo Injili inaizungumzia ni matunda ya kuwa huru: mtu aliyekwisha kupewa haki na Mungu bure hahitaji kuinunua kwa jasho, na kwa hiyo jasho lake laweza kuwa la jirani. Furaha hiyo haiamrishwi. Mchungaji anayeiamrisha, hali mshahara wake unatoka katika sadaka ya anayemwamrisha, na atafakari mara mbili.

Swali hili si la kale. Walutheri wa Unguja ni wachache, na wengi wao ni watu waliotoka Bara kutafuta kazi: askari, walimu, mafundi ujenzi, na hasa vijana wa hoteli za Nungwi, Kendwa na Paje. Jirani anayehudumiwa na kazi yao ni mgeni wa Ulaya upande mmoja, na upande wa pili ni Mwislamu, mwenyeji wa mahali. Waislamu wa kisiwani wana msemo tunaoweza kujifunza kwao, kwani husema juu ya riziki ya halali. Kwao si suala la kiasi tu, ni suala la njia. Hata saa ya mnara wa Mkunazini husemekana kuwa zawadi ya Sultani Barghash. Mwislamu aliwapa Wakristo kitu cha kuwasaidia watu wa mji kupanga siku yao ya kazi. Kijana wetu anayepika hotelini kwa uaminifu, asiyeiba vipimo wala kumdharau mwenzake anayefunga Ramadhani huku yeye akionja mchuzi, anafanya jambo ambalo mahubiri yetu ya Jumapili hayawezi kulifanya. Kwa bahati mbaya kijana huyohuyo zamu yake huangukia Jumapili, na kuna sharika ambako jina lake huandikwa katika orodha ya watoro.

Tunao utaratibu wa ibada wa kuwaingiza kazini wachungaji, na sala kwa ajili ya wainjilisti na wazee wa kanisa. Kwa mwashi anayemaliza kujifunza, kwa mpishi anayeanza kazi, kwa muuguzi, hatuna kitu, isipokuwa ahadi ya bahasha. Hili linaweza kurekebishwa bila kungoja sinodi. Hata ibada ya Jumatatu jioni kwa ajili ya wenye zamu haihitaji ruhusa ya mtu.

Kwa upande wa chuo, tunapendekeza kwamba katika somo la homiletiki kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu aandae mahubiri juu ya 1 Wakorintho 7:17-24 kwa ajili ya washarika wa Unguja, baada ya kuwatembelea watu watatu mahali wanapofanyia kazi na kuwauliza wanafanya nini, kwa ajili ya nani, na wanalipwaje. Mwanafunzi atakayeishia mstari wa 20 arudishiwe karatasi yake.