Vibao vya Tallahatchie: Nani Aliyetenda?

Sisi walimu wa lugha tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Ni nadra sana kuhakiki maandishi ya kando ya barabara, ilhali hayo husomwa na watu wengi, tena bila ya kutiliwa shaka. Makala haya yanakusudia kuyapima maandishi ya namna hiyo katika wilaya moja ya mashambani, Tallahatchie, katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani.

Kisa chenyewe chafahamika. Usiku wa tarehe 28 Agosti, 1955, Emmett Till, mvulana Mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago, alichukuliwa kwa nguvu kutoka nyumba ya jamaa zake kwa tuhuma ya kumpigia mbinja mwanamke wa Kizungu dukani. Aliteswa, akauawa. Siku tatu baadaye maiti yake ilionekana katika mto Tallahatchie. Mwezi wa Septemba, katika mahakama ya Sumner, Roy Bryant na J. W. Milam walishtakiwa mbele ya baraza la waamuzi 12, wote wanaume Wazungu, nalo likawaachia huru baada ya dakika 67. Mnamo Januari 1956, wakijua kwamba hawawezi kushtakiwa tena kwa kosa hilo, wawili hao walikiri katika gazeti la Look.

Karibu nusu karne ilipita kabla wilaya haijaanza kuliandika jambo hili hadharani. Wakati wote huo, msafiri aliyefika penye mahakama ya Sumner alipokewa na sanamu ya askari wa majimbo ya Kusini, yaliyojitenga mwaka 1860 na 1861 ili kuulinda utumwa. Sanamu hiyo, iliyosimamishwa mwaka 1913, yawasifu askari hao kuwa ni mashujaa. Utumwa hautajwi. Kama ni mwanafunzi aliyeandika insha ya namna hiyo, tungemrudishia daftari lake na kumwuliza: walipigania nini?

Mwaka 2007 kibao cha jimbo kuhusu kesi ya Till kiliwekwa uwanjani hapo hapo. Ni kazi ya kusifiwa, kwa kuwa chawataja washtakiwa kwa majina, chasema waamuzi wote walikuwa Wazungu, na hakifichi kwamba wawili hao walikiri baadaye. Hata hivyo, hapana budi tuiangalie sarufi yake. Maelezo yaanza kwa maiti iliyopatikana mtoni. Kitenzi *kupatikana* hakimhitaji mtendaji. Ni kana kwamba mto wenyewe ndio ulioleta mauti. Kuwaachia huru kuna mtendaji, kukiri kuna watendaji, bali kuua kwenyewe hakumo katika kauli ya kutenda. Msomaji hulazimika kungoja hadi wauaji wakiri ndipo amjue mtendaji.

Ulinganishe na tamko la kuomba radhi lililosomwa mbele ya mahakama hiyo tarehe 2 Oktoba, 2007. Hapo wasemaji ni wananchi wa wilaya wenyewe, katika nafsi ya kwanza wingi, nao wanakubali kwamba haki haikutendeka. Nafsi hiyo moja ina uzito kuliko sifa zote za sanamu ya 1913.

Ama kuhusu Graball Landing, mahali panapoaminiwa kuwa ndipo maiti ilipotolewa mtoni, kibao cha kwanza kiliwekwa mwaka 2008, kikaibwa. Cha pili kilipigwa risasi mpaka kikawa na matundu 317. Cha tatu, cha mwaka 2018, kilipigwa risasi baada ya siku 35 tu. Cha nne, kilichosimamishwa Oktoba 2019, ni cha chuma kisichopenywa na risasi, chenye uzito wa zaidi ya kilo 220.

Wako watakaosema kwamba huo ni uhuni tu wa vijana wenye bunduki. Sikubaliani nao. Asomaye kibao kisha akakipiga risasi amekwisha kuelewa maana yake, naye anajibu. Kwa hiyo wasimamizi wa makumbusho ya taifa mjini Washington walifanya vyema, mwaka 2021, kukionyesha kibao chenye matundu 317 kama kilivyo. Maneno yake yaeleza mwaka 1955. Matundu yaeleza miaka iliyofuata. Kukitengeneza kungekuwa ni kuifuta nusu ya habari.

Mwaka 2023 Graball Landing na mahakama ya Sumner, pamoja na kanisa la Chicago alikoagwa marehemu, viliingizwa katika kumbukumbu ya taifa yenye jina la Emmett Till na mama yake, Mamie Till-Mobley. Ni hatua kubwa, lakini cheo cha taifa hakiwezi kutengeneza sentensi iliyomficha mtendaji.

Nchi zetu nazo zina minara na vibao. Nashauri walimu wenzangu wawapeleke wanafunzi wakavisome, kalamu mkononi, wakiuliza maswali matatu: Nani aliyetenda? Nani aliyetendewa? Nani anayesema? Mwanafunzi atakayeyajibu atakuwa amejifunza kauli ya kutenda na ya kutendwa, na atakuwa pia amejua kwa nini waandishi wa vibao huchagua mojawapo.