Kabla ya Dawa Kuingia Mshipani

Bibi wa miaka 88 anapotumwa kutoka Magunga kwenda hospitali ya rufaa kupigwa skani ya CT, kazi ya kulinda figo zake huanza kabla mashine haijawashwa. Swali la kwanza ni kama dawa ya rangi, ile inayoingizwa mshipani ili ugonjwa uonekane kwenye picha, inahitajika kweli. Kutafuta damu iliyovuja kichwani au jiwe la figo hakuihitaji. Uvimbe tumboni mara nyingi huihitaji, na kumnyima kwa sababu ya umri tu ni kuuacha ugonjwa ujifiche.

Mtaalamu wa radiografia huvuta kiti na kuketi. "Nyanya, magoti yakiuma unameza nini?" Hatosheki na jibu la kwanza. Humwomba binti aliyemsindikiza afungue mkoba, vidonge vitolewe kimoja kimoja: dawa ya presha, metformini ya kisukari, diklofenaki ya dukani. Hii ya mwisho hupunguza damu inayofika kwenye figo, kwa hiyo daktari huarifiwa mapema. Kisha huuliza kuhusu maji. Wazee wengi hujinyima maji safarini wasije wakahitaji choo njiani, na kutoka Magunga kupitia Sindo na Mbita ni mwendo mrefu kwa mwili uliokauka. Anayeweza kunywa hupewa kikombe.

Damu huenda maabara kupimwa kreatinini, taka ya misuli inayochujwa na figo. Hapa ndipo jicho la fundi huyo wa picha huonekana. Miligramu 1.0 kwa desilita huonekana salama kwenye karatasi. Lakini kwa hesabu inayotumika tangu 2021, kiwango hicho kwa mwanamke wa miaka 25 humaanisha uchujaji wa takriban mililita 80 kwa dakika. Kwa huyu wa miaka 88, takriban 54. Tena mzee aliyekonda ana misuli michache, hivyo hata 54 huenda ikamsifu kupita kiasi. Fundi huutazama mkono mwembamba, kisha huitazama namba tena.

Mwaka 2020, vyama vya Marekani vya wataalamu wa picha na wa figo vilikubaliana kwamba tahadhari kubwa ianze chini ya 30. Mgonjwa wa kiwango hicho huwekewa dripu ya maji ya chumvi kabla na baada ya picha, kwa uangalifu zaidi moyo ukiwa dhaifu. Utafiti mkubwa wa 2018 ulionyesha kwamba bikaboneti haikuyashinda maji hayo ya kawaida, wala asetilisisteini haikuongeza faida.

Sasa mshipa. Ngozi ya uzeeni ni nyepesi na mshipa huteleza. Mpira wa kufungia mkono hukazwa kidogo tu. Kidole gumba huvuta ngozi, kanula huingia kwa mshazari mdogo, tone la damu huonekana, mkono hutulia. Maji ya chumvi husukumwa kwanza huku vidole viwili vikiwa juu ya ngozi, vikisikiliza kama kuna uvimbe.

Dawa ya ayodini imepashwa joto hadi nyuzi 37 ili iwe nyepesi. Kipimo hufuata uzito wa mgonjwa, kisizidi kinachotosha kuonyesha ugonjwa, na kasi ya pampu hupunguzwa. "Utasikia joto, na kama haja ndogo inakutoka. Haitakutoka, Nyanya." Picha zenyewe huchukua sekunde chache.

Figo hazilalamiki siku hiyohiyo. Kreatinini ikipanda kwa 0.3 ndani ya saa 48, zimeumia, naye bibi atakuwa amesharudi nyumbani. Ndiyo maana fundi huandika kwa herufi kubwa kwenye barua ya kurudi: kipimo cha kreatinini cha leo, kiasi cha dawa, na siku ambayo damu itolewe tena karibu na nyumbani. Humsomea binti mstari kwa mstari, kisha humwomba arudie yeye. Akikosea siku, huanza upya.