Kuijua Darubini Njema

Kikundi cha wapenzi wa nyota kinapojenga darubini kubwa kwa ajili ya mji wake, kila mgeni huuliza kwanza upana wake. Swali hilo lina haki yake. Kioo chenye kipenyo cha sentimita 60 hukusanya mwanga zaidi ya mara 7,000 kuliko mboni ya jicho lililozoea giza. Lakini kukusanya mwanga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuufikisha wote mahali pamoja. Kioo cha sentimita 20 kilichosagwa kwa subira huonyesha ufa mweusi katika pete za Zohali. Kioo cha sentimita 60 kilichoharakishwa huionyesha Zohali kama yai linalong'aa, na watu waliopanga foleni kwa saa nzima huondoka wakidhani kwamba mbinguni hakuna zaidi ya hapo. Ndiyo maana ninataka wanaochangia fedha, walimu wanaowapeleka wanafunzi, na yeyote anayealikwa kwenye ufunguzi wa darubini ya namna hii wajue kuikagua.

Desturi ya ukaguzi huu ina kwao. Katika mji wa Springfield, jimbo la Vermont nchini Marekani, Russell Porter, aliyekuwa mchoraji na msafiri wa Aktiki, alianza mwaka 1920 kuwafundisha wafanyakazi wa viwanda vya mashine kusaga vioo vyao wenyewe. Walijenga nyumba ya klabu kilimani, wakaipaka rangi ya waridi, wakapaita mahali hapo Stellafane. Tangu 1926 mafundi wa ridhaa hukusanyika pale wakati wa kiangazi na darubini zao, na zinazoshindanishwa hukaguliwa kwa sehemu mbili: mitambo huangaliwa mchana, vioo hupimwa usiku kwa nyota zenyewe. Mimi huanza na kioo, kwa sababu kitako kibovu kinaweza kurekebishwa kwa msumeno na gundi, ilhali kioo kibovu hurudi mwanzo.

Ukibahatika kufika kabla kioo hakijapakwa alumini, usiikose nafasi hiyo. Tabaka la alumini lina unene wa takriban nanomita 100 tu. Hufuata umbo lililopo bila kulisahihisha, na mng'ao wake huwapumbaza watu. Kioo kikiwa bado kitupu, pitisha macho ukingoni. Fundi makini huukata ukingo mshazari kuzunguka kioo chote, ili usimeguke wakati wa kusaga na kuburuta vipande juu ya uso. Kisha omba lenzi ya fundi saa, uangalie uso wenyewe chini ya taa kali, hasa karibu na ukingo. Usagaji huanza na unga mkali wa karborandamu, namba 80, ukishuka hatua kwa hatua hadi unga laini sana, na kila hatua inapaswa kufuta vishimo vyote vya hatua iliyotangulia. Kishimo cha unga wa 80 hakitaondolewa na kung'arisha, hata fundi akisugua juma zima. Vishimo vichache haviui picha. Ninachokisoma hapo ni tabia: aliyeruka hatua mapema hivi, ni vigumu kuamini kwamba atavumilia kazi inayofuata.

Na kazi inayofuata ndiyo ufundi wenyewe. Vioo viwili vikisuguliwa kimoja juu ya kingine, cha juu hubonyea na cha chini hutuna, na mbonyeo unaopatikana ni sehemu ya tufe. Tufe halitoshi, maana miale ya ukingoni na ya katikati haikutani mahali pamoja, panahitajika parabola. Chukua kioo cha sentimita 60 chenye urefu wa fokasi wa mita 3. Mbonyeo wake katikati una kina cha milimita 7.5, lakini tofauti kati ya tufe na parabola, ukipima ukingoni, ni maikroni 4.7 hivi. Fundi huiondoa tofauti hiyo kwa mkono, kwa kisuguo kilichopakwa lami ya misonobari na maji yenye oksidi ya seriamu, kidogo kidogo, akisimama kupima kila mara. Kwa kipimo cha mwanafizikia Lord Rayleigh, mawimbi ya mwanga yanayofika kwenye fokasi yasipotoke zaidi ya robo ya urefu wa wimbi. Kwa kuwa kosa la uso huongezeka maradufu mwanga unaporudi, uso wenyewe unaruhusiwa kukosea nanomita 70 tu kwa mwanga wa kijani. Anayefanya hayo ni mtu wa kawaida, gerejini kwake, baada ya kazi. Kila ninapokiona kioo kilichofika hapo humheshimu aliyekisaga.

Atajuaje kwamba amefika? Kwa jaribio ambalo Mfaransa Léon Foucault alilibuni katika miaka ya 1850. Taa yenye ufa mwembamba huwekwa umbali wa mara mbili ya urefu wa fokasi, yaani mita 6 kwa kioo chetu, na wembe hukata mwanga unaorudi. Kioo cha tufe hufifia chote kwa pamoja. Cha parabola huonyesha vivuli vya kilima cha mviringo kilichobonyea katikati, na fundi husogeza wembe apime kila ukanda unafifia wapi. Omba kuliona jaribio hili. Mwambie aweke kidole gumba kwenye kioo kwa nusu dakika, kisha chungulia: utaona uvimbe mahali pale, umetokana na joto la kidole tu. Hapo utaelewa kwa nini kioo kikubwa kilichotoka kung'arishwa lazima kipumzike kwa saa kadhaa kabla ya kupimwa, na kwa nini karakana yenye haraka haiwezi kutoa kioo kizuri.

Daftari la vipimo ni sehemu ya kioo. Kama halipo, mimi sikipokei kioo hicho, hata kiwe na upana gani. Na likiwepo, natafuta jaribio la pili lililofanywa kwa njia nyingine, kwa vifaa vingine, ikiwezekana na mtu mwingine. Darubini ya Hubble ilirushwa Aprili 1990 ikiwa na kioo cha mita 2.4 kilichong'arishwa kwa usahihi wa ajabu kufuata umbo lisilo sahihi. Ukingo wake ulikuwa bapa kupita kiasi kwa takriban maikroni 2.2, kwa sababu lenzi moja ya kifaa cha kupimia ilikaa milimita 1.3 mbali na mahali pake. Vipimo vingine vya kawaida zaidi vilikuwa vimeonyesha kasoro, vikapuuzwa kwa kuwa kifaa kikuu kiliaminika kuwa bora kuliko vyote. Ilibidi wanaanga wapelekwe Desemba 1993 kuweka vioo vya kusahihisha. Kikundi cha kijamii hakina wanaanga wa kutuma. Kwa hiyo fundi akinitajia sehemu moja ya ishirini ya wimbi, namuuliza: ni kosa la uso au la wimbi, na nani mwingine amelipima? Aliye makini hufurahia swali hilo.

Usiku, kipimo kiko wazi. Elekeza darubini kwenye nyota iliyo juu, mbali na upeo wa macho, tumia ukuzaji mkubwa, kisha sogeza lenzi ya jicho ndani kidogo ya fokasi, halafu nje kidogo. Nyota itatanuka na kuwa duara lenye pete. Katika kioo chema, picha ya ndani na ya nje hufanana. Ukungu unaozunguka pete upande mmoja tu wa fokasi mara nyingi ni ukingo ulioanguka, kasoro inayopatikana zaidi kwa mafundi wapya. Duara likirefuka kuelekea upande mmoja, kisha likageuka robo duara unapovuka fokasi, kuna astigmatizimu. Kabla hujamlaumu fundi, geuza kichwa chako, kisha geuza kioo katika kishikio chake. Urefukaji ukifuata kichwa, kasoro ni ya jicho lako. Ukifuata kioo, ni ya kioo. Usiposogea, kishikio kinakikunja: kioo cha sentimita 60 chenye unene wa sentimita 5 kina karibu kilo 30, na hulegea kwa uzito huo usipogawanywa sawasawa, kwa kawaida juu ya nukta 18.

Mitambo nitaipitia haraka, kwa sababu mkono wako unatosha. Piga bomba kwa kiganja ukiwa unaangalia nyota. Itikisike na itulie ndani ya sekunde mbili. Isukume darubini kwa kidole kimoja: isinate, isirudi nyuma unapoiachia. John Dobson, mtawa wa zamani aliyeanzisha mwaka 1968 kikundi cha kuonyesha nyota kando ya barabara za San Francisco, aliyafanya haya kwa plaiwudi, mabomba ya karatasi ngumu na vipande vya Teflon, na wajenzi wengi wa darubini kubwa bado humfuata. Kitako chake kina ugumu mmoja: karibu na utosi wa anga hakitaki kugeuka. Kwa wakaaji wa Dar es Salaam jambo hili lina uzito, maana nebula kubwa ya Orioni hupita takriban digrii moja na nusu tu kutoka utosini. Njia nyingine, ya kulaza mhimili uelekee ncha ya anga, ina shida yake Nairobi au Mombasa, ambako mhimili hukaribia kulala sambamba na ardhi na mchoro uliotengenezwa kwa ajili ya Ulaya hautumiki bila kubadilishwa. Mjenzi wa Afrika Mashariki aliyeifikiria ikweta kabla ya kukata ubao amekwisha kunionyesha akili yake.

Kisha pima urefu wa mtazamaji. Fokasi ya mita 3 huweka lenzi ya jicho karibu mita 3 juu darubini inapotazama utosini, na hapo ni ngazi, gizani, pamoja na watoto na bibi zao. Fokasi ya mita 2.1 huishusha hadi mtu mzima karibu aweze kutazama akiwa amesimama chini, ila sasa parabola inapotoka na tufe kwa karibu maikroni 14, kazi ngumu mara tatu. Mimi ningelipia ugumu huo kwa moyo mmoja. Porter mwenyewe alijenga mwaka 1930, pale kilimani, darubini ambayo mtazamaji wake huketi ndani ya chumba chenye joto na kioo hubaki nje kwenye baridi ya Vermont. Alijua kwamba anayetetemeka haoni.

Mwisho, usimulike kioo kwa tochi na kukishutumu. Kioo chochote hutisha chini ya tochi, na vumbi hupunguza mwanga kidogo sana kuliko mikwaruzo ya mtu aliyelifuta kwa kitambaa. Uliza badala yake kama alumini imefunikwa kwa tabaka la kinga, hasa kama chumba cha darubini kiko pwani, ambako chumvi ya hewani huila. Uliza pia kioo kinatolewaje siku ya kupakwa upya. Watu wawili waweze kukitoa bila kuibomoa darubini, na wawili hao wawe wameshajaribu.