"Uhamisho": Neno Moja kwa Adhabu na kwa Siasa ya Ardhi

Mtafsiri anayekutana na neno la Kikantoni chung gwan hukabiliwa na tatizo la uteuzi. Kwa maana ya viungo vyake, neno hilo ni "kujaza jeshi": mhalifu alipelekwa mpakani kuitumikia kambi. Katika enzi ya Qing jina lilibaki hata pale mhukumiwa asipokuwa askari. Kiswahili sanifu humpa mtafsiri "uhamisho", neno lile lile aandikiwalo mwalimu anapopelekwa shule nyingine.

Upungufu huo unadhuru zaidi katika historia ya Masisi na Walikale. Dikrii ya tarehe 5 Julai 1910 iliiwezesha serikali ya Kongo ya Kibelgiji kumwondoa kwao mtu aliyedhaniwa kuvuruga utulivu, na kumlazimisha kukaa mahali ilipopachagua, bila kesi mahakamani. Wafuasi wa Kitawala walikuwa miongoni mwa walioadhibiwa hivyo. Walitawanywa mbali na Katanga, nao wakaenda na mafundisho yao. Mwaka 1944 uasi ulizuka kati ya Lubutu na Masisi, ukiongozwa na Bushiri Lungundu miongoni mwa Wakumu.

Kusema tu kwamba watu hao "walihamishwa" ni kuandika kivivu. Kauli ya kutendwa humfuta mtoa amri. Mzizi -hama nao hudokeza safari ya kawaida. "Walifungwa" halifai pia, kwani mara nyingi hapakuwa na ukuta wala siku ya kutoka.

Aidha, kati ya 1937 na 1955 utawala huo huo uliwaleta Wanyarwanda Masisi kwa mpango rasmi wa makazi. Nao, katika maandishi, "walihamishwa". Hivyo kitenzi kimoja chabeba adhabu ya mwasi na ugavi wa ardhi, katika eneo ambamo swali la nani alitoka wapi liliua watu wengi kuanzia mapigano ya soko la Ntoto, Walikale, Machi 1993.

"Kufurushwa kwa amri" lingetosha kwa adhabu, na "kuletwa kwa mpango" kwa makazi. Wanaoona istilahi hizo ni ndefu mno wanaweza kukopa: relegasio. Wasemaji wa Kivu hawakuwasubiri wanaleksikografia; waliong'olewa na vita huwaita badeplase, neno la Kifaransa lililovikwa kiambishi cha Kibantu, na hakuna anayelichanganya na uhamisho wa mwalimu.